Shamba la Nyasi Zinazonukia

Mbuzi wa shemeji yangu walijua kabla ya mwenyewe kwamba shamba langu halikuwa malisho. Aliwaingiza asubuhi moja, mimi nikimtazama kutoka jikoni, akawaacha katikati ya mchaichai wangu akaenda zake. Mbuzi wakainama, wakanusa, wakapiga chafya. Mmoja akajaribu ncha ya jani akaitema. Kisha wote wakavuka njia wakaanza kula mahindi ya shemeji mwenyewe upande wa pili. Nilicheka mpaka nikashika kiuno, lakini kicheko hakikufika mbali. Huku kwetu mtu hapeleki mbuzi kwenye shamba la mwenzake kwa bahati mbaya. Anayewapeleka anatangaza kwamba hapa hapana mwenyewe.

Mimi ni mjane. Shamba lenyewe liko kwenye mteremko, ukitoka Nyakitonto kuelekea barabara ya Kibondo, na lilikuwa la marehemu mume wangu, na kabla yake la baba yake. Mume wangu alikuwa Mha wa hapa hapa. Mimi wazazi wangu walikimbia kutoka Burundi, nikazaliwa kwenye makazi ya wakimbizi, tukapewa uraia na vyeti tunavyo. Mambo yakiwa mazuri wakwe zangu huniita mke wetu. Yakiharibika ninakuwa mtu wa kuja. Nimezoea kusikiliza ni jina lipi linatumika siku hiyo, ndipo nijue nimeamka vipi.

Desturi ya huku haijaandikwa popote. Mwanamume akifa, mjane wake hubaki kulima alipoachwa, na hakuna wa kumgusa maadamu jembe lake linaonekana. Lakini shamba likiota nyasi, si la mjane tena. Linarudi kwa ukoo, na ukoo maana yake ni kaka wa marehemu. Sheria inasema vingine, ninaijua, redio inaisoma kwa sauti tamu. Ila siku ya kuonyesha mpaka redio haiji. Wanakuja wazee walewale waliokula kwa shemeji yangu jana yake.

Na mimi, ndani ya desturi ya namna hiyo, nilipanda nyasi.

Maana mchaichai ni nyasi, tusidanganyane. Kila nyumba ina shina lake moja nyuma ya jiko, la kutia kwenye chai. Hakuna aliyewahi kuona mtu aking'oa mihogo ili apande mchaichai mteremko mzima. Jirani yangu mmoja alisimama njiani na ndoo yake kichwani, akatazama, akaniuliza, "Chai gani hiyo, mama, ya kunywesha tarafa nzima?" Nilimjibu kwamba watu wana kiu. Yeye alikuwa ananitania tu. Waliokuwa kimya ndio niliopaswa kuwaogopa.

Sababu nilikuwa nayo. Mihogo ilikuwa inaoza ardhini kwa ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unang'oa shina zima unapata kitu cha kutupa. Mvua ikinyesha udongo wangu ulishuka bondeni ukanufaisha wengine. Ndipo nikaenda kwenye mafunzo ya akina mama Kibondo, kwenye ukumbi karibu na soko, na pale nikaona majani ya mchaichai yakipikwa kwa mvuke na mafuta yakitoka upande wa pili, ya manjano, yakielea juu ya maji. Nilitia kidole nikanusa. Shina moja la nyuma ya jiko halijawahi kunukia hivyo. Mwalimu wetu alisema mizizi yake inashika udongo wa mteremko na haitaki kupandwa upya kila mwaka, na mimi nikaona shamba langu kabla hajamaliza kusema.

Nilirudi nikatafuta pipa. Namna ya kukamua haina siri kubwa. Unakata majani asubuhi umande ukishakauka, unayaacha kivulini yanyauke kidogo, unayashindilia ndani ya pipa juu ya wavu ili yasiguse maji yanayochemka chini. Unafunika, unaziba ukingo kwa ugali mbichi wa muhogo ili mvuke usitoroke, na mvuke unapita kwenye bomba la shaba lililozungushwa ndani ya maji ya baridi. Unachopata ni maji yenye harufu, na juu yake utando wa mafuta. Unayaengua taratibu. Mtu yeyote wa huku akiona pipa, bomba na ndoo ya maji baridi, anajua anachotazama, au anadhani anajua. Gongo, ile pombe haramu, inapikwa vivyo hivyo. Nilipomwambia fundi baiskeli wa Kasulu anikunjie bomba, aliinua macho akaniuliza kama mchungaji wangu ana habari.

Chupa ya kwanza niliipeleka Kibondo kwa mzee mmoja mwenye duka la marashi, udi, mafuta ya nazi na sabuni. Watu wake asili yao ni pwani, na anaongea kama mtu anayemimina kahawa, hamwagi tone. Alifungua, akanusa, akafunga.

"Haya yana moshi, bibie," alisema. "Moto wako una hasira."

Nilimwambia wenye hasira tuko wengi, moto hauna kosa. Alitabasamu akanirudishia chupa yangu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa ninamsema moyoni, lakini alikuwa amesema kweli. Nilikuwa ninachochea kuni kama mtu anayepika makande ya msiba. Nikajifunza kukaa na moto mdogo, kuni mbili tatu kubwa, bila kuzisukuma sukuma. Chupa iliyofuata aliipokea, akanikaribisha kahawa, akaniambia nilete nyingine, na nyingine. Huo ndio ulikuwa msimu wangu mzuri. Wanawake wengine walianza kupanda mashina machache kwenye kingo za mashamba yao, wakaniletea majani yao nikawakamulia, tukawa kikundi bila kupanga kuwa kikundi.

Wakati ule ndipo mradi mmoja wa maendeleo ulipotusikia.

Afisa wa mradi alikuja na pikipiki safi na viatu safi, kijana mwenye maneno mazuri. Alilizunguka pipa langu mara kadhaa. Akatuambia tumepata bahati, mradi utatuletea mtambo wa kisasa, wa chuma kisichoshika kutu, wenye kipimajoto na bomba la kutolea mafuta. Tukapiga makofi. Nilipiga makofi kuliko wote, mikono ikauma. Kisha akasema kuna jambo dogo. Mtambo utazinduliwa na mgeni rasmi, na haiwezekani mgeni rasmi afike kijijini akute kitu kinachofanana na mtambo wa gongo.

"Pipa langu linapika mchaichai," nilimwambia.

"Mimi najua, mama. Lakini mgeni hajui, na wapiga picha hawajui."

Wenzangu wakasema tukubali, jipya linakuja, la zamani la nini. Mgambo walikuja wakalipondaponda pipa kwa nyundo uani kwangu, na bomba la shaba wakaenda nalo. Mmoja wao alinusa kifuniko akasema, kwa kweli hii si gongo, kisha akaendelea kuponda. Hadi leo nikikumbuka lile "kwa kweli" lake natamani kupiga kitu.

Mtambo ukafika kweli. Ulishushwa kwenye lori ukiwa umevikwa nailoni, ukang'aa hata ndani ya nailoni, ukaingizwa kwenye stoo ya kijiji, mlango ukafungwa kwa kufuli na utepe mwekundu ukafungwa juu ya kufuli. Ufunguo akaondoka nao afisa. Tukaambiwa mgeni rasmi anakuja karibuni.

Hakuja. Kwanza alikuwa na vikao. Halafu mvua ilikata njia. Halafu alikuwa na ugeni wake mwenyewe, maana kumbe hata wageni rasmi wana wageni. Kila mara tulifagia uwanja, tukakodi viti, tukafanya mazoezi ya ngoma, tukaambiwa tawanyikeni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wetu hakuja, na mwenyeji akaanza kuugua.

Mchaichai haungojei vikao. Una wakati wake wa kukatwa, majani yakiwa marefu na ya kijani yenye nguvu, ukiyapitisha mkononi yanakuacha na harufu mpaka jioni. Ukiyaacha yanazeeka, ncha zinageuka kahawia, yanalaliana, na mafuta yanapungua. Wakati huohuo sikulima kitu kingine, kwa sababu shamba lilikuwa limejaa. Kwa hiyo mpita njia aliona nini? Aliona mteremko wa marehemu umejaa nyasi ndefu zinazokauka, na mjane amekaa jikoni mikono mitupu. Ndipo mbuzi walipokuja.

Baada ya mbuzi akaja shemeji mwenyewe, na shangazi wa marehemu nyuma yake. Huyu bibi ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo, na neno lake linakaa. Walikunywa chai yangu, yenye mchaichai, wakaisifu.

"Mwakeye, mke wetu," shangazi alinisalimu kwa Kiha, nami nikashukuru kwamba nilikuwa bado mke wetu. "Hii shamba ya mtoto wetu imekuwaje?"

"Ni mazao, shangazi. Yanakamuliwa mafuta. Msimu uliopita mliyaona."

"Tuliona chupa," alisema shemeji. "Chupa unaweza kununua. Mimi naona nyasi tu. Baba yetu hakuacha nyasi pale."

"Baba yenu aliacha mteremko unaohama kila mvua ikinyesha. Nenda kautazame kama umehama tena."

Alimgeukia shangazi kama vile mimi sipo. "Unasikia mtu wa kuja anavyojibu?"

Bibi aliweka kikombe chini. Akasema watasubiri siku ya huo uzinduzi. Ukoo mzima utakwenda, utaona kwa macho hizo nyasi zinatoa nini. Zikitoa kitu, mjane aendelee kulima. Zisipotoa, shamba linarudi. Shemeji aliitikia ego, ego, ndiyo, ndiyo, haraka sana, kama mtu aliyekwisha kuona mwisho wa jambo.

Nilimfuata afisa mpaka Kasulu. Nilipanda kwenye fuso la mahindi, nikamsubiri nje ya ofisi ya mradi wake mpaka alipotoka kwenda kula.

"Nipe ufunguo nikamue mara moja," nilimwambia. "Nitausafisha mpaka ung'ae. Hakuna atakayejua."

"Mama, mtambo haujazinduliwa."

"Majani hayajui kuzinduliwa."

"Mgeni rasmi akikuta masizi chini ya mtambo mpya tutamwambia nini?"

"Mwambieni ulipikiwa. Si ndiyo kazi yake?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinikera kuliko kama angenitukana. Akaniambia subira yavuta heri. Niliposimulia kikundini, wenzangu nao wakaniambia subira yavuta heri, kwa sauti ileile, na mimi nikawaambia heri yangu imevutwa mpaka imekatika. Hawakupenda. Walikuwa na mashina yao machache kwenye kingo, na mihogo yao katikati, na waume zao ndani. Kwao mtambo ulikuwa bahati. Kwangu ulikuwa shamba.

Siku ya mgeni ilipofika kweli, kiangazi kilikuwa kimekomaa na vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu. Walijenga mahema, wakapanga viti vya plastiki, spika zikaanza kupiga tangu asubuhi. Nailoni ikatolewa, mtambo ukawekwa juu ya zulia na ule utepe ukafungwa juu yake. Nilibeba mzigo wa majani yangu, yale yaliyokuwa na ukijani bado, nikaupeleka pale. Niliuliza kuni ziko wapi.

"Hatutawasha moto," afisa alisema. "Upepo unapeleka moshi kwenye hema la mgeni."

"Sasa mafuta yatatokaje?"

"Hilo limeshughulikiwa."

Nikamwona anachukua chupa kutoka kwenye begi, anamimina ndani ya kile chombo cha kupokelea, anafunga. Alinipa chupa tupu nikaitupe. Nilikuwa ninaifahamu chupa ile. Ilikuwa na nembo ya duka la yule mzee wa Kibondo, na ndani ilinuka mkaratusi. Si mchaichai. Mkaratusi, ule tunaowapaka watoto kifuani wakishikwa na mafua. Aliingia dukani kutafuta mafuta ya majani, akachukua ya majani yoyote.

Mgeni rasmi alikuja, akala, akasikiliza risala. Kisha akaletwa kwenye mtambo, afisa akafungua bomba, mafuta yakadondoka kwenye glasi. Mkaratusi ukapanda hewani ukafika hadi viti vya nyuma. Uwanja ule hapakuwa na pua hata moja isiyojua ile ni nini. Wazee walijua, watoto walijua, wacheza ngoma walijua. Shemeji yangu, aliyekaa mstari wa pili na shangazi yake, alijua, na nilimwona akianza kutabasamu. Mgeni rasmi akavuta pumzi, akafumba macho, akasema, "Naam. Huu ndio mchaichai."

Na watu wakapiga makofi. Wote.

Mshereheshaji akanipa kipaza sauti, akasema mama mkulima atoe neno la shukrani. Nilijua ninachotakiwa kusema. Ningesema ndiyo, mheshimiwa, haya ni mafuta ya shamba langu, na neno la mgeni rasmi lingenikinga na ukoo mzima, maana nani angesimama kumkosoa mgeni rasmi? Shamba lilikuwa pale, ndani ya sentensi moja. Lakini nilikuwa nimejaa mpaka hapa. Nilikuwa nimekata mzigo wa majani yangu mwenyewe na mzigo umelala chini ya meza ukinyauka, na wao wananiambia nishukuru kwa mafuta ya dukani.

"Mheshimiwa," nilisema, "huo ni mkaratusi. Mchaichai uko shambani kwangu, unakauka. Unasubiri ufunguo."

Mgeni rasmi akanitazama, akamtazama afisa, kisha akacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyeshiba. "Mama ana utani," alisema. Watu wote wakacheka naye. Spika zikapigwa, utepe ukakatwa, ngoma zikaingia uwanjani. Nilibaki nimeshika kipaza sauti kilichozimwa.

Jioni ile wenzangu walinijia juu. Nimewaaibisha, mradi utaondoa mtambo, mimi nani nimkosoe mkubwa. Niliwajibu vibaya na sijuti. Lakini utepe ulikuwa umekatwa, na kwa sababu hiyo, na hiyo tu, afisa aliacha ufunguo kwa mwenyekiti wetu wa kikundi. Asubuhi nilikwenda kwake. Alinipa bila kunitazama usoni.

Nilikata siku nzima. Mchaichai uliozeeka unakata mikono kama wembe, na vumbi lake linaingia puani. Majani mengi yalikuwa makavu, niliyachambua, nikashindilia yaliyofaa. Nikawasha moto mdogo, nikakaa nao. Ule mtambo ulikuwa mzuri, siwezi kuusema vibaya, haukuvuja popote, maji yalipita kama yanavyotakiwa, na nilipofungua bomba mafuta yalitoka. Machache, yenye rangi nzito kuliko ya zamani, lakini ya mchaichai, makali, yanayojaza nyumba. Nilikaa chini kwenye kuni nikalia kidogo. Ilikuwa hasira zaidi kuliko furaha. Wangenipa ufunguo mapema, ningejaza chupa mpaka nikose chupa.

Kikao cha ukoo kilikaa kwa shemeji. Niliweka chupa yangu mkekani mbele ya shangazi. Akanusa kwa muda mrefu. Akampa mzee aliyekuwa kando yake, naye akampa mwenzake, ikazunguka. Shemeji aliipata mwisho. Alimimina kidogo kiganjani, akavuta suruali juu, akajipaka gotini ambako humuuma, akasugua, akasubiri.

"Ya kweli haya," alisema.

"Ya kweli," alisema shangazi. "Si mkaratusi."

Wakacheka kidogo, na mimi nikacheka nao. Nilifikiri limekwisha. Neno la bibi lilikuwa wazi: zikitoa kitu, mjane aendelee kulima.

"Yanauzwa Kibondo haya?" aliuliza shemeji.

"Yanauzwa."

Alitazama goti lake. Halafu akaanza kuongea polepole, kwa heshima, na nikajua, kwa ile heshima, kwamba ninapotea. Alisema walikuwa hawakuelewa. Walidhani mjane ameacha shamba kwa uvivu, kumbe shamba limebeba mali. Na mali ya namna hii, yenye mtambo na wageni rasmi, si kitu cha kumwachia mwanamke mmoja ambaye kesho anaweza kuolewa kwingine, au kurudi alikotoka. Ni mali ya ukoo. Ukoo utaisimamia. Mjane atapewa kazi ya kukamua, kwa kuwa anaijua, na hatalala njaa.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa anafunga kizibo cha chupa, taratibu.

"Shangazi," nilisema, "ulisema zikitoa kitu niendelee kulima."

"Nilisema," alijibu. "Nilikuwa sijajua ni kitu gani."

Shamba lilipokuwa nyasi lilikuwa la ukoo kwa sababu ni nyasi. Lilipotoa mafuta likawa la ukoo kwa sababu lina mafuta. Niliwaambia hivyohivyo, kwa sauti, nikiwa nimesimama, jambo ambalo mke wa ukoo hafanyi mbele ya wakwe. Shemeji akasema mtu wa kuja amechoka, apumzike. Chupa walibaki nayo.

Watu wananiuliza kwa nini sikwenda kushtaki. Nilikwenda kuuliza. Niliambiwa nilete mashahidi wa mpaka, na mashahidi wa mpaka ndio waliokuwa wanapitisha chupa yangu mkekani.

Mvua za kwanza zilipoanguka, ule wakati wa kugawa mashina, nilikwenda shambani na jembe. Nilianza kwenye kona ya juu. Unapiga jembe kuzunguka shina, unalitikisa, linatoka na mizizi yake na bonge la udongo. Sikuwa nimemwambia mtu. Lakini Nyakitonto haina siri, na kabla jua halijapanda sana alikuja yule jirani yangu wa ndoo, na mwenyekiti wetu wa kikundi ambaye hakuwa amenisemesha tangu ule uzinduzi, na wengine nyuma yao. Hawakusema walikuja kuomba radhi, na mimi sikuuliza. Walibeba mashina kwa matenga na kwa khanga, wakaenda kuyapanda kwenye kingo za mashamba yao, kwenye matuta ya kuzuia maji, nyuma ya vyoo, popote. Mengine niliyapakia kwenye fuso nikayapeleka Kibondo, ambako nilikodi kipande kidogo nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa kanisani.

Shemeji alifika tumebakiza mistari michache ya chini. Alisimama kwenye mpaka, mvua ikimwangukia kofia.

"Unafanya nini?"

"Nalima," nilimwambia.

Na mjane kulima ndiyo desturi. Alisimama pale mpaka tukamaliza, kisha akaondoka.

Sitaki mtu anipongeze. Wapo wanaolisimulia hili kama kisa cha mjane mjanja, wanacheka, wananigonga mkono. Mimi shamba nimelipoteza. Mume wangu aliulima mteremko ule kwa mikono yake, na mimi naupita kwenye fuso nikienda Kasulu kama ninavyopita shamba la mtu baki. Mafuta ninakamua bado, mtambo unafanya kazi, majani yanakuja kutoka kwenye kingo za watu wote, na yule mzee wa marashi anasema moto wangu siku hizi umetulia. Anakosea. Nimejifunza tu kuuficha chini.

Ukoo haukupanda kitu pale. Shemeji alingoja mchaichai uchipue wenyewe kutoka ardhini, na haukuchipua. Nilipopita juzi nilimwambia dereva apunguze mwendo. Mteremko umejaa nyasi kutoka juu mpaka bondeni, nyasi za kweli, ndefu kuliko mtu, na udongo umeanza tena kushuka. Na hakuna aliyeitisha kikao.